Kitanzi kilichopotea Magamba

*Mwandishi wetu alipanda milima ya Usambara na kazi mbili asizozijua: kufuma sweta na kutunga hadithi ya upelelezi. Amerudi na mkono mmoja wa sweta, mtuhumiwa mmoja, na ugomvi mdogo na mhariri.*

Jioni ya siku ya tatu nilikuwa na vitanzi 59 kwenye sindano. Asubuhi vilikuwa 60.

Nikahesabu tena: 59. Nikahesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: 59. Nje, ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msituni hadi kwenye fito za banda la ng'ombe. Mwalimu wangu alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko, sindano zinakwenda, macho yapo kwenye sufuria ya maharage.

"Mama, kitanzi kimoja kimepotea."

"Hakijapotea," akasema bila kugeuka. "Kitapotelea wapi? Kimo humo humo. Kitafute."

Nikakitafuta. Mara ya mwisho kuonekana ni mstari wa 14, maana hapo nilihesabu na kuandika kwenye daftari. Mstari wa 20 hakipo. Tukio, basi, lilitokea katikati. Nikausogeza ule mkono wa sweta kwenye mwanga wa mlangoni, nikaupapasa mstari baada ya mstari, nikakikuta kwenye wa 17: tundu la punje ya mtama, na ndani yake kitanzi kinaning'inia, hakikushikwa na chochote.

Nilikumbuka vizuri nilikuwa nafanya nini nilipofika mstari huo. Simu iliita. Mhariri alitaka kujua makala imefika wapi.

Mhalifu nimempata, nikajisemea. Nikashika ncha ya uzi nianze kufumua, Mama akanizuia. Giza lilikuwa linaingia, na kwake kufumua ni kazi ya mchana.

Kazi mbili nisizozijua

Mhariri huyo huyo ndiye aliyenituma. Swali lake lilikuwa fupi: mtu mzima, ambaye vidole vyake vimeshakomaa kwa kazi nyingine, anajifunzaje jambo asilolijua hata chembe? Hakutaka nikusanye maoni ya watu halafu nirudi ofisini. Alitaka nijitie mwenyewe.

Nikachagua mawili. La kwanza kufuma, kwa sababu sikuwahi kushika sindano za kufumia maishani mwangu. La pili kutunga hadithi ya upelelezi, kwa sababu nimeandika habari za mahakamani kwa miaka na nikadhani hiyo itakuwa ya kupumzikia. Nilikosea la pili kuliko la kwanza.

Magamba ilijichagua yenyewe. Ukiacha joto la Mombo, barabara inapanda kwa kona zisizokwisha kupitia Soni hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ulio kwenye kimo cha mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Magamba iko juu zaidi, kilomita chache kaskazini mwa mji, pale mashamba ya mboga yanapopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, msitu wa zaidi ya hekta 9,000 wenye mikulo mirefu na mbega wanaoruka juu yake.

Kuanzia Juni hadi Agosti, mtu wa Tanga mjini akifika hapa bila sweta hujuta kabla hajashuka kwenye gari. Wanafunzi wana sweta, walimu wana sweta, kijana wa bodaboda ana sweta mbili na koti juu. Kama kuna mahali Tanzania ambapo kujua kufuma hakuhitaji kutetewa, ni hapa.

Halafu mjini Lushoto kuna taasisi ambayo mtunzi yeyote wa hadithi za uhalifu angeitamani iwe jirani yake: Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakofundishwa watu wa sheria na watumishi wa mahakama. Hadithi yangu ilivunjika mguu nikiwa njiani kuteremka huko mjini.

Mwalimu wangu ni mama wa makamo, jirani wa nyumba niliyofikia. Aliniomba jina lake lisitoke gazetini. Likitoka, alisema, kila mwenye mtoto atamletea donge la uzi na maneno matamu badala ya pesa.

Sindano zilikotoka

Kufuma kwa sindano mbili hakukuzaliwa kwenye milima hii. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo, ng'ambo ya Magamba, mwaka 1891, na katika shule za misheni za Afrika Mashariki kushona na kufuma vilikuwa sehemu ya malezi ya wasichana. Mvulana alipewa useremala, msichana akapewa sindano. Mgawanyo huo tumeurithi hadi leo tukidhani ni wa mababu zetu.

Kumbe hata huko Ulaya haukuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 16 vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume, na mashine ya kwanza ya kufuma ilibuniwa Uingereza mwaka 1589 na mwanamume, William Lee, tena mtu wa kanisa. Nilimweleza Mama habari hizi siku ya kwanza, nikitafuta heshima kwa vijana waliokuwa wakinichungulia dirishani na kucheka. Akasema hao wanaocheka ndio watakaokuja kuomba soksi mwezi wa saba.

Kazi yenyewe, ukiieleza kwa maneno, ni nyepesi mno. Unaingiza sindano kwenye kitanzi, unazungusha uzi, unautoa upande wa pili, unakiachia cha zamani. Ukiingizia mbele unapata uso laini, ukiingizia nyuma unapata vifundo. Ukichanganya viwili mbele, viwili nyuma, unapata ukingo unaonyumbuka wa mkononi na kiunoni. Basi. Sweta zima ni maneno hayo mawili, mbele na nyuma, yakirudiwa.

Nilielewa kwa dakika 5. Vidole vyangu vilichukua siku 2.

> Nilielewa kwa dakika 5. Vidole vyangu vilichukua siku 2.

Hapo kati ya kuelewa na kuweza ndipo swali la mhariri lilipolala. Nilitazama video kwenye simu, video nzuri kabisa, mikono safi inayokwenda polepole. Tatizo la video ni kwamba haikuoni. Inaendelea kukuonyesha kilicho sahihi huku wewe umebana uzi kama unafunga mbuzi. Mama alinitazama mara moja, akanigonga kiwiko. Hakugusa vidole. Nilikuwa nimeinua mabega hadi masikioni, na mtu aliyeinua mabega hawezi kulegeza uzi. Jambo hilo halikuwa kwenye video yoyote niliyoitazama.

Vitanzi 46,400

Mjini nilikwenda kwa fundi wa mashine, yule wa masweta ya shule, anayesukuma kile kigari cha mashine kushoto na kulia kwa mlio wa krr, krr. Nilimwonyesha kipande changu. Alikuwa mstaarabu, hakucheka, lakini msimamo wake ulikuwa wazi: kufuma kwa mkono ni kupoteza siku. Mzazi anataka sweta Januari shule zinapofunguliwa, hataki historia ya uzi.

Ana hesabu upande wake. Nilipiga kwa penseli. Sweta la mtu mzima, mbele vitanzi 100 kwa mistari 160, ni vitanzi 16,000. Nyuma vingine 16,000. Mikono miwili, kila mmoja vitanzi kama 60 kwa mistari 120, ni 14,400. Jumla 46,400. Mfumaji mwepesi anayetoa vitanzi 30 kwa dakika atahitaji karibu saa 26, bila kusimama kugeuza maharage. Mimi, kwa mwendo wangu wa siku ya tatu, ningemaliza masika ya mwakani.

Na nyuma ya fundi wa mashine kuna mpinzani asiyesema neno: rundo la mitumba. Nililipia madonge ya uzi, kisha hatua chache mbele nikaona sweta la sufu, zima, la kutoka huko lilikotoka, kwa bei iliyo chini ya uzi wangu mtupu. Ukipima ustadi kwa shilingi peke yake, mjadala umekwisha hapo sokoni.

Lakini je, upimwe hivyo? Hili si swali la wazee wa kufuma tu. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, nchi hii imekuwa ikizunguka jambo hilo hilo: mikono ifundishwe nini shuleni, na kwa faida ya nani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1994 ikaja sheria iliyounda VETA. Na kuanzia Januari 2024, kwa mtaala mpya, sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, mwanafunzi anasoma fani pamoja na masomo mengine.

Wanaoutetea mkondo huo husema kijana atoke na kitu cha kumpa kula. Ni hoja nzito, na mwenye njaa hafundishwi ushairi wa vitanzi. Wanaoutilia shaka huuliza ni fani ipi itakayomlisha miaka 20 ijayo, wakati mashine na mitumba havilali. Mimi nimesimama mahali pa tatu, pasipo na watu wengi. Naona pande zote mbili zinazungumzia anachotoka nacho mwanafunzi, hakuna anayezungumzia kinachompata siku ya kwanza anapokosea.

Zipo tafiti zinazotajwa sana kutetea kufuma. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la tiba kwa kazi lilichapisha majibu ya wafumaji 3,545 waliohojiwa kwa intaneti, na waliofuma mara nyingi zaidi ndio walioeleza kuwa na utulivu na furaha zaidi. Nayapokea kwa mkono mmoja. Waliojibu ni wale waliobaki na sindano mkononi. Waliozitupa dirishani hakuna aliyewauliza.

Bwana Afya aliyegeuka mpelelezi

Usiku, baada ya chakula, nilikuwa nahamia kwenye kazi ya pili.

Anayetaka kutunga upelelezi kwa Kiswahili ana babu wa kumwamkia. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Unguja mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Ndani yake akatupa Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra, mwenye ukoo wa wazi na Sherlock Holmes wa Conan Doyle, lakini anayepumua hewa ya Unguja. Vikafuata vitabu vingine, *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*, hadi *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984.

Jambo linalosahaulika ni kazi aliyoifanya kabla ya kalamu. Kwa miaka kama 10 Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, Bwana Afya. Anayefanya kazi hiyo huingia majumbani mwa watu, hutazama mitungi, hutazama mitaro, huuliza maswali ambayo mwenye nyumba hapendi kuyajibu, na hujifunza kutofautisha nyumba iliyo safi na nyumba iliyosafishwa asubuhi hiyo. Sijui chuo gani cha uandishi kingempa mafunzo bora kuliko hayo. Baada ya hapo ndipo akaingia kwenye magazeti, na hatimaye akawa mhariri wa *Mkulima* hadi kustaafu mwaka 1968.

Agatha Christie wa Uingereza alipita njia inayofanana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, akafaulu mtihani wa kazi hiyo mwaka 1917, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, inahusu sumu. Mwaka 1930 akamtoa Miss Marple kwenye riwaya, bibi kizee wa kijijini ambaye watu humdharau kwa kuwa amekaa pembeni na sindano zake za kufumia. Anafuma, wanaongea mbele yake kama vile hayupo, na mwisho wa kitabu anajua nani kaua. Yeyote aliyewahi kukaa jikoni na mama anayefuma atakuambia huo si utunzi.

Kwetu, Faraji Katalambulla alileta *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba akaleta Willy Gamba kwenye *Kufa na Kupona* mwaka 1974, huku yeye mwenyewe akiwa mtu wa biashara ambaye baadaye aliongoza TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari, akamleta Joram Kiango. Walimu wa fasihi walikuwa wakiviita vitabu hivi riwaya pendwa, kwa sauti ile ya kusema mtoto anapenda pipi. Wasomaji hawakusikia, walikuwa wamezama kwenye ukurasa.

Mama alikuwa mmoja wao. Nilipomwambia ninachoandika usiku aliweka sindano chini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alimsoma Willy Gamba akiwa msichana, kitabu kisicho na jalada, kilichopita mikono ya bweni zima. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimechanika, mwisho wake hakuujua hadi alipoolewa na kukuta nakala nyingine nyumbani kwa shemeji yake.

> Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimechanika, mwisho wake hakuujua hadi alipoolewa.

Mpelelezi asiye na kazi

Hadithi yangu ilikuwa hivi. Fedha za ushirika wa wakulima wa mboga zinaibwa usiku kutoka kwenye kabati la ofisi. Dirisha lina msumari, na kwenye msumari pamenasa uzi wa sweta wa rangi ya bluu. Mpelelezi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Mwizi ni mhasibu, ambaye anajulikana kwa sweta lake la bluu. Ukurasa wa 9 karani anamtazama mhasibu kwa macho makali, mhasibu anatetemeka, anakiri.

Asubuhi ya siku ya nne nilimsomea Mama huku chai ikichemka. Alisikiliza hadi mwisho bila kuniingilia, dalili mbaya.

"Sasa huyo mpelelezi," akauliza, "amefanya kazi gani?"

Nikajaribu kumtetea karani wangu. Mama akatikisa kichwa. Mhasibu amekiri mwenyewe. Hata mbuzi angekaa kwenye kile kiti angekiri mbele yake. Halafu, huyo mwizi ni mjinga kiasi gani, alichane sweta kwenye msumari na kesho yake alivae vile vile kazini?

"Labda alilirekebisha," nikasema.

"Alilirekebisha kwa uzi gani?"

Kimya. Sikuwa na jibu, na nilihisi kwamba yeye analo. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na sweta la mumewe la bluu nzito, akaniuliza naona nini. Niliona sweta. Akanivuta hadi uani, kwenye jua la asubuhi lililokuwa ndiyo kwanza linapasua ukungu, akanyoosha mkono wa kushoto wa lile sweta. Kuanzia kiwiko kwenda chini, ile bluu haikuwa bluu ile. Ilikuwa karibu sana, kama ndugu wawili, lakini haikuwa ile.

Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, akanieleza. Madonge ya mkupuo mmoja yanafanana. Ukirudi dukani mwezi ujao ukanunua jina lile lile na namba ile ile ya rangi, lakini mkupuo mwingine, hutapata rangi yenyewe. Ndiyo maana mfumaji mwenye akili hununua uzi wa sweta zima siku moja. "Usiku unaona uzi mmoja," akasema. "Ukitoka juani unaona wawili."

Kisha akaonyesha jambo la pili, ambalo jicho langu lisingelipata kamwe. Kipande cha chini kilifumwa na mtu mwingine, binti yake. Vitanzi vya Mama vimelegea sawasawa. Vya binti vinabana kila mwisho wa mstari anapogeuza kazi. Mkono wa mtu kwenye uzi ni kama mwandiko.

Basi mwizi wangu anaweza kuifuma upya ile sehemu iliyochanika, usiku, kwa taa, akaridhika kabisa na kazi yake. Na anaweza kupita mbele ya karani mara tatu ofisini, kwenye giza la chumba chenye dirisha dogo, asishikwe. Lazima siku moja wakutane nje.

Hakimu hatakubali

Nilifurahi mapema. Nilipokuwa natembea kuteremka mjini, nimeshika daftari, miaka yangu ya kukaa kwenye benchi la waandishi mahakamani ikaanza kunisuta. Uzi wa rangi mbili ni ushahidi wa mazingira. Mahakama zetu huupokea, lakini kwa sharti linalojulikana na kila mwanafunzi wa sheria: mnyororo wote uelekee kwa mshtakiwa tu, pasibaki maelezo mengine yanayopatana na yeye kutokuwa na hatia. Mhasibu akisema sweta lake liligugunwa na panya, nina nini?

Ronald Knox, kasisi wa Kiingereza aliyetunga riwaya za upelelezi, aliandika mwaka 1929 kanuni 10 za kazi hiyo, mojawapo ikiwa kwamba mizimu na miujiza visitumike kutegua kitendawili. Abdulla, bila kuhubiri, alifanya jambo gumu zaidi: aliiweka maiti kwenye mzimu wenyewe, mahali ambapo kila msomaji wake alikuwa na maelezo tayari kichwani, kisha akamwacha Bwana Msa ayatoe maelezo hayo moja baada ya jingine. Kufunga milango ndiyo kazi. Kumjua mwizi ni kazi ya ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zote ni za kuonyesha kwamba si panya.

Na hayo hayawezi kutungwa kuanzia mwanzo. Mtunzi wa upelelezi huanzia mwisho na kurudi nyuma: kama mwizi atashikwa juani kwenye ukurasa wa 9, basi ukurasa wa 2 lazima tumwone usiku, ukurasa wa 4 lazima mwenye duka la nyuzi alalamike kwamba mzigo wa zamani umekwisha, na alalamike katikati ya habari nyingine, ili msomaji apotezwe maboya. Hadithi yangu yote ilikuwa imefumwa kwenda mbele. Haikuwa na kosa moja la kusahihisha. Ilitakiwa ifumuliwe.

Lugha iliyojua mapema

Kiswahili kina namna yake ya kurudisha tendo nyuma, na tumeizoea hadi hatuisikii. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Fuma, fumua. Mama wa saluni hufumua nywele kabla ya kusuka upya na wala hajioni ameshindwa. Pembeni yake kuna fumba na fumbua, wazazi wa fumbo. Sidai ni ukoo mmoja na fuma, wanaisimu watanishukia, lakini masikioni wanakaa nyumba jirani. Fumania nayo ipo hapo hapo, kumkuta mtu ndani ya tendo. Na uzi ulioviringana tunasema umeingia tata, na aliyeunasua ametatua.

Shuleni tulifundishwa kufuma tu. Kosa lilipigwa mkasi wa wino mwekundu, tukaambiwa tufungue ukurasa mpya. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyenirudisha hadi mstari ambapo kitanzi kiliponyoka, nikione kikining'inia, nijue nilikuwa nafanya nini wakati huo. Ndiyo maana tunaogopa ustadi mpya tukiwa watu wazima. Kukosea tulikuzoea zamani. Tusichokizoea ni kurudi.

> Kukosea tulikuzoea zamani. Tusichokizoea ni kurudi.

Kama mkondo wa amali utaleta jambo hilo darasani, la fundi kumwambia mwanafunzi "rudi hadi pale", mimi nitauunga mkono hata kama hautamlisha mtu hata mmoja kwa sindano. Kama utaleta mtihani mwingine wa kuchagua A, B, C au D kuhusu aina za uzi, heri fundi wangu wa mashine aendelee na krr, krr yake.

Mstari wa 17

Mchana nilirudi Magamba. Mama alikuwa ameshatandika mkeka uani, na mkono wangu wa sweta uko juu yake kama kielelezo cha mahakamani.

Nilitarajia kutakuwa na njia ya mkato. Ipo, kwa kitanzi kilichoponyoka sasa hivi: unakipandisha kwa kulabu, kidato kwa kidato, kama mtu anayepanda ngazi. Lakini changu kilikuwa kimeachwa tangu mstari wa 17, na vile vya juu yake vilikuwa vimeshasogeleana na kulijaza pengo lake. Hakuna nafasi ya kukirudisha. Lazima vyote vishuke.

Akachomoa sindano. Sikuwa tayari, nilihisi tumbo likishtuka, vitanzi 59 vikiwa wazi, havijashikwa na kitu. Akanipa ncha ya uzi.

"Vuta taratibu. Ukivuta kwa hasira unaingia tata."

Nikavuta. Mstari wa 20 ulikwenda kwa mlio mdogo wa tk-tk-tk, kazi ya asubuhi nzima kwa muda wa kupiga chafya mbili. Uzi uliotoka ulikuwa na mawimbi, umekumbuka kila mahali ulipopinda. Mstari wa 19. Wa 18. Mtoto wa jirani alikuja kusimama, akaangalia, akauliza kwa nini babu anaharibu. Babu! Hakuna aliyemjibu.

Kwenye wa 17 nilisimama, nikaingiza sindano kitanzi kwa kitanzi, kutoka kulia kwenda kushoto, mabega chini. Nilipokifikia kile kilichokuwa kinaning'inia nilikiokota pamoja na wenzake. Nikahesabu kwa sauti, mtoto wa jirani akihesabu nami.

Sitini.

Simu ikaita. Sikuipokea.